Masuali ya wasomaji: Insha imerudi imejaa wino mwekundu

Mwezi huu masuali mengi yamekuja ya vyuo, nadhani kwa vile wa mwaka wa kwanza ndo wameanza kurudishiwa kazi zao na kila mmoja anatafuta wa kumlilia. Nimechagua matatu. La mwanzo jibu lake refu, mnistahamilie.

*Shangazi shikamoo. Mie mtoto wa Pemba, kwetu Konde, niko mwaka wa kwanza chuo huku Unguja nasomea ualimu wa Kiswahili. Tuna kozi ya utungaji. Skuli nilikua napata A za insha mpaka form six, mwalimu anazisoma mbele ya darasa. Sasa insha yangu ya mwanzo hapa chuo, "Zao la karafuu na maisha ya Mpemba", imerudi na C na karatasi nzima nyekundu kama imechinjiwa kuku. Ticha kaandika "nani?", "lini?", "hili nalijua", na chini kabisa "andika tena". Mama anasema labda kanionea kwa ajili ya Kipemba changu, maana hata wenzangu darasani nikizungumza wanacheka. Nna wiki mbili. Nianzie wapi, au niombe kubadilisha kozi? — Mtoto wa Konde*

Marahaba mwanangu. Kozi usibadilishe, na mama mpe salamu zangu mwambie hajakuonea mtu. Umefanya la maana kupiga picha karatasi yenyewe ukanitumia, maana barua peke yake ingenifanya nikuhurumie bure.

Nimeisoma mara mbili. Unaanza hivi: "Karafuu ni zao muhimu la biashara ambalo limekua likilimwa visiwani Zanzibar tangu enzi na enzi. Zao hili lina faida nyingi kwa jamii na taifa kwa ujumla. Kabla ya kuzama katika mada ni vyema kuangalia maana ya zao." Halafu unaeleza maana ya zao. Mwanangu, nani duniani alofungua insha ya karafuu hajui maana ya zao?

Lakini sikulaumu, ndivo tulivofundishwa sote. Skuli unaandika kwa mtu ambae jibu analo tayari mkononi, kazi yake ni kuhesabu pointi na kuweka vema, kwa hio ukianza na maana ya maneno, ukapanga kwanza, pili, tatu, ukamalizia na "kwa ujumla", yeye anapata anachokitafuta na wewe unapata A yako, mmeachana salama. Huyu ticha wako mpya anasoma kama msomaji, yaani anasoma kama mtu asojua na anaweza kuchoka. Ndo maana kaandika "hili nalijua". Hilo si tusi, anakwambia hapo alitaka kuiweka karatasi chini akanywe chai.

Na ile "lini?" alozungushia kwenye "tangu enzi na enzi", hapo ana haki kabisa, kwa sababu si kweli. Mkarafuu asili yake visiwa vya Maluku huko Indonesia, hapa kwetu umeingia mwanzoni mwa karne ya 19. Halafu 1872 kikaja kimbunga kikaangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tokea hapo Pemba ndo ikawa shamba kubwa la karafuu. Sasa niambie, insha inayoanza na upepo wa 1872 na insha inayoanza na maana ya zao, ipi utaisoma mpaka mwisho? Kwa nini karafuu ni maisha ya Mpemba kuliko ya Muunguja, jibu limo kwenye upepo huo, na kichwa cha insha ulikichagua mwenyewe.

Sasa tazama ukurasa wa tatu, mstari wa pili kutoka chini. Umeandika: "Usiku nyumba nzima hukaa kuchambua na mikono hunuka karafuu mpaka chai ya asubuhi." Ticha kaweka vema pembeni. Ndo vema pekee katika kurasa nne, na nnavoona wewe hukuiona kabisa, umehesabu nyekundu tu. Ukitaka kujua pa kuanzia, anzia hapo. Nyumba nzima ni nani na nani? Mnakaa wapi, ukumbini au uani? Mnakalia nini? Bibi anachambua kwa mikono miwili huku anazungumza na wala hatazami, na mtoto mdogo kalala juu ya gunia, mie hayo nimeyaona kwa macho yangu nilipokua nakuja Pemba msimu wa karafuu kwa ndugu zangu, nikawa mimi ndo mzito kuliko wote, nang'oa kichwa kimoja kimoja wenzangu wanashika shada zima wanalivunja kwenye kiganja, karafuu huku makonyo kule. Kesho yake zinaanikwa kwenye majamvi na kila mtu anatazama mawingu. Hayo unayajua wewe, ticha hayajui, na wenzako wanaokucheka darasani pengine hawajawahi kumuona mtu anachambua karafuu tokea wazaliwe.

Kwa hio fanya hivi. Karatasi ya zamani iweke upande, usiikarabati. Chukua simu, jirikodi unamhadithia mtu usiku huo wa kuchambua, kisha voisi hio mtumie mwenzako wa darasani alotoka bara, umwambie akuulize kila asichokifahamu. Atakuuliza makonyo ndo nini. Hapo utamjibu kuwa ni vile vikonyo vinavoshika karafuu, na kuwa havitupwi, vinauzwa vinakwenda kiwandani Wawi vinakamuliwa mafuta. Alivouliza yeye ndivo atakavouliza msomaji, na majibu yako ndo aya zako. Kisha kaa uandike. Ukishaandika, soma kwa sauti mlango umefungwa, na pale ulimi unapojikwaa au unapojisikia unahutubia, futa. Ulivovifuta vitie kwenye daftari jengine, usivitupe, mbona makonyo hamtupi.

Kuhusu Kipemba. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia Kiswahili sanifu, na msingi wake ikawa Kiunguja cha mjini. Maana yake mtu wa Makunduchi nae, yuko humu humu Unguja, alikuta sanifu si ile anayozungumza na mama yake. Hukuzaliwa na kosa kwenye ulimi. Kwenye insha ya chuo hadithia kwa sanifu maana ndo sharti la kozi, lakini bibi akifungua mdomo muache azungumze kama anavozungumza. Ukimsanifisha bibi utakua umemuua. Na hao wanaocheka wacheke, wiki mbili nyingi, watachoka.

Nikwambie na langu. Insha yangu ya mwanzo chuoni, miaka mingi sasa na ticha mwenyewe keshatangulia Mungu amrehemu, ilirudi ukurasa wa mwanzo wote umepigwa mstari mmoja tu kutoka juu mpaka chini, na juu ya ukurasa wa pili kaandika "anzia hapa". Nililia chooni, wallahi. Nikaiweka karatasi chini ya sahani za kabati la mama, sikuitazama mpaka Ramadhani tulipotoa vyombo. Nilipousoma ule ukurasa ulokatwa sikukuta neno hata moja ninalolihitaji. Nilikua napiga hodi ukurasa mzima na mlango uko wazi.

Kabla wiki mbili hazijesha mwendee ticha ofisini kwake na drafti mpya, na usimuulize "nimekosea wapi", atakujibu kwa dakika nzima na hutotoka na kitu. Muulize: hapa ungeacha kusoma wapi? Kisha nyamaza umsikilize.

*Shangazi hii kozi ya uandishi mie naona kama nshaimaliza, suali nampa ChatGPT anaandika, mie nabadilisha maneno mawili matatu nakusanya. Napata B. Sasa ticha kaniita ofisini kaniambia nende na kitabu nilokitaja kwenye marejeo. Nimekitafuta maktaba ya chuo na Darajani kote hakipo. Nimwambie nini? — Wa Mwanakwerekwe*

Hakipo kwa sababu hakijaandikwa. Hizo programu ndivo zilivo, zinaunganisha maneno yanayoelekea kukaa pamoja, na jina la mwandishi na jina la kitabu na mwaka vyote vinakaa pamoja vizuri sana hata kama kitabu chenyewe hakuna mtu alowahi kukichapa. Usende ofisini na hadithi ya kitabu kuibiwa kwenye daladala, nakujua. Sema kweli na uombe uandike upya kwa mkono hapo hapo kama atakubali, na kama kuna adhabu uipokee, wizi wa maandishi vyuo havichezi nao.

Ila jambo moja limenichekesha. Soma barua ulonitumia mie. Mistari minne, nimekujua uko wapi, umefanya nini, umekwama wapi, na nimecheka. Hio B yako nimeisoma pia, kurasa tano, sijakujua hata kidogo, "katika muktadha wa ulimwengu wa sasa" imo mara tatu. Kuandika unajua, hutaki tu ionekane ni wewe. Kama lazima uitumie na ticha wako karuhusu, andika mwenyewe kwanza kisha iambie ikuulize masuali kumi juu ya ulichoandika, ikusumbue kama mwenzako anavokusumbua barzani. Kuuliza inaweza. Kukuandikia usiipe.

*Bi mkubwa assalaam aleikum. Nna miaka 43, ni karani wa ofisi hapa Wete, nimejiunga na diploma ya jioni na kuna somo la uandishi. Nimekaa na vijana wa miaka 20. Kila nikitaka kuandika mkono unakua mzito, miaka yote nimeandika barua za ofisi tu. Umri umenipita? — Karani*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi 1918, akafanya kazi ya ukaguzi idara ya afya kabla hajaingia kwenye magazeti, na riwaya yake ya mwanzo imetoka 1960. Piga hesabu, 42. Na Abdulrazak Gurnah, huyu alopata Nobel 2021, alianza kuandika ana miaka 21 huko Uingereza na kitabu chake cha mwanzo kikatoka 1987, kwa hio hata hao vijana wa 20 unaowaonea wivu wana safari ndefu.

Barua za ofisi nazo usizidharau. Miaka yote hio umekua unaandika kwa mtu mmoja unaemjua, ana shida moja, na anataka jibu, hao vijana ndo kwanza wanafundishwa hilo. Kinachokuzuia nadhani ni ule mlango wa barua, yale maneno ya kuanzia ulozoea. Wiki hii andika ukurasa mmoja juu ya mtu mmoja alokuja dirishani kwako na karatasi yake, alivosimama, alichosema, ulichomjibu na ulichotaka kumjibu ukakizuia, jina lake libadilishe. Ukimaliza nitumie nisome, ila nikikuta umeanza na "husika na kichwa cha habari hapo juu" nakirudisha.