Mkanda wa paja na uzito mdogo: msuli unakua kweli?

Umeniuliza kama kubana paja kwa mkanda, au kwa mpira wa tairi unaotaka kuufunga, huku ukiinua uzito mdogo, kunakuza msuli kweli baada ya upasuaji wa goti lako. Unakua, ndugu yangu, si mbwembwe za jim. Mbinu hii ilianzishwa Japani na Yoshiaki Sato, na huko inaitwa KAATSU. Mkanda ukikaa juu kabisa ya paja, damu inaendelea kuingia mguuni kwa kiasi, ila kurudi moyoni ndiko kunakobanwa. Oksijeni inapungua upesi, taka za kemikali zinarundikana, msuli unavimba na kuwaka moto. Nyuzi ndogo stahimilivu za msuli zikielemewa, mwili unaziita zile kubwa, ambazo kwa kawaida husubiri chuma kizito. Ndiyo maana asilimia 20 hadi 30 tu ya uzito wa juu kabisa unaoweza kuinua mara moja inatosha.

Utaratibu uliozoeleka: marudio 30, kisha 15 mara tatu, ukipumzika sekunde 30 katikati bila kulegeza mkanda. Unene wa msuli hukaribia ule wa mazoezi mazito, lakini kwa upande wa nguvu, chuma kizito bado kinaongoza. Kwa goti lako lililotoka kwenye upasuaji, ambalo bado halivumilii mzigo, faida ni kubwa.

Ila huo mpira wa tairi uliosema utaufunga, achana nao! Hujui unabana kiasi gani. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima kwanza presha inayozuia damu kabisa, halafu anaweka asilimia 40 hadi 80 yake. Na kama umewahi kupata damu kuganda, au una presha ya kupanda, muone daktari kabla ya yote. Mguu ukifa ganzi, fungua papo hapo.