Zuhura mwanangu, kuhusu dawa ya nduguyo

Zuhura mwanangu,

Nduguyo hajambo, amelala. Swali lako nimeona heri nilijibu kwa kirefu kuliko kwa simu. Wauliza: kama kuna dawa ya kifafa inayotiwa ubongoni moja kwa moja, kwa nini Salim aendelee kumeza tembe zinazomlevya usingizi, na je, tuanze kuchanga apelekwe nje?

Jambo hilo ni la kweli, ila bado liko kwenye majaribio. Na fikra yenyewe naikubali kwa moyo wote. Tembe ikimezwa huingia kwenye damu, hupita ini, kisha huzunguka mwili mzima. Mishipa midogo ya ubongo ina kuta zilizobana mno, na kama bawabu mkali, hairuhusu kila kinachobisha hodi. Basi ili kiasi kidogo kifike panapotakiwa, mwili wote hubebeshwa dawa. Wakumbuka fenitoini, ile dawa ya kifafa aliyokuwa akimeza, ilivyomfanya: ufizi ulivimba ukapanda juu ya meno ya mbele, mtoto akawa hacheki ila kwa kuziba mdomo na kiganja. Ufizi ulikuwa na kosa gani? Kifafa kiko kichwani.

Huko Cambridge, Uingereza, Christopher Proctor na wenzake, pamoja na watafiti wa Ufaransa, walichapisha kazi yao mwaka 2018. Walitengeneza kifaa chembamba sana kinachopachikwa ndani ya ubongo, pale kifafa kinapoanzia. Dawa husukumwa kwa umeme kupitia utando, bila kumiminiwa maji, kwa hiyo ubongo hauongezewi shinikizo. Walitumia GABA, kemikali ambayo ubongo wenyewe huitengeneza kutuliza neva. Kifafa kilizuiwa. Lakini walikuwa panya, mwanangu.

Kwa binadamu, Australia walijaribu valproeti, dawa ya kifafa, kwa wagonjwa wachache ambao tembe zilishindwa kuwasaidia. Pampu huwekwa chini ya ngozi ya tumbo, na mrija mwembamba hupanda mpaka kwenye vyumba vya maji ndani ya ubongo. Matokeo yalitia moyo. Hata hivyo fuvu lazima litobolewe, na kutoboa fuvu kuna hatari ya kuvuja damu na kuingia vijidudu. Pampu nayo hujazwa tena kwa sindano. Mimi simpeleki mwanangu huko wakati bado hatujamaliza yaliyo karibu.

Na hatujayamaliza. Shirika la Afya Duniani lasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Madaktari huita kifafa sugu pale dawa mbili zinazofaa, kwa dozi ya kutosha, zimeshindwa. Salim fenitoini aliachishwa kwa ajili ya ufizi, si kwamba ilishindwa. Hii karbamazepini anayomeza sasa bado dozi yake haijapandishwa, na Ramadhani alikuwa akiruka tembe ya mchana. Kuna aina yake inayoyeyuka polepole, ya kumezwa mara mbili kwa siku. Nataka tumuulize daktari kama yamfaa, ili mwezi ukiandama ameze wakati wa futari na daku. Wala usimwambie aache tembe kwa kungojea hiyo mpya. Akikatiza ghafla anaweza kushikwa na degedege lisilokoma, na hilo huua.

Pesa ulizotaka kuchanga tuzielekeze kwenye kipimo cha umeme wa ubongo, na picha ya ubongo daktari akiagiza. Hata kile kifaa cha Cambridge, siku kikifika kwa watu, hakiwezi kuwekwa bila kujulikana kifafa kinaanzia wapi. Tukilijua hilo sasa, hatutakuwa tumepoteza kitu.

Kliniki ni Jumanne. Wewe ndiye uliyekuwa na Salim sebuleni alipoanguka siku ya Iddi. Mimi nilitoka jikoni nikikimbia, nikakuta ameshaanza kutulia. Daktari huuliza mwanzo, si mwisho. Niandikie kabla ya Jumatatu usiku: mkono upi ulianza kukakamaa, kichwa na macho viligeukia upande gani, na kama alikusikia ulipomwita.

Mamako