Kitabu kimoja cha picha, watoto 90: maswali ya walimu wa Kigoma

Walimu wa darasa la kwanza na la pili wameniuliza namna ya kufundisha kwa vitabu vya hadithi vyenye picha. Nayajibu hapa kwa pamoja.

Nina watoto 90 na nakala moja. Wa nyuma hawaoni kitu. (Kasulu)

Mwalimu, usihangaike kukinyanyua kitabu mbele ya darasa. Siku moja kabla, chagua picha 6 zinazobeba hadithi, uzichore kubwa kwenye manila, kila moja karatasi yake. Si lazima uwe fundi. Mbuzi akiwa na pembe na ndevu, watoto watamjua. Gawa darasa makundi 6, kila kundi na picha yake, na usiwasimulie chochote. Waulize: nani yupo hapa? Anafanya nini? Kabla ya hapa kulitokea nini? Kisha mmoja wa kila kundi aje mbele na picha, na darasa liwapange kwa mfuatano wanaoudhani. Watabishana. Waache, maana anayeshikilia kwamba "huyu ndiye wa kwanza" itambidi aseme kwa nini. Ndipo usome kitabu kwa sauti, na wale 6 wahame nafasi kadiri hadithi inavyokwenda.

Watoto wangu wanakuja na Kiha tu. Nikisoma wananitazama. (Buhigwe)

Funika maandishi kwa kipande cha karatasi, uanze na picha. Waizungumzie kwa Kiha. Pokea wanachosema, ukirudie kwa Kiswahili katika sentensi kamili, nao waitikie. Ukifunua maandishi, maneno mengi watakuwa wameshayasikia. Kama wewe ni mgeni huku, mtoto anayejua lugha zote mbili akusaidie. Na ninawasihi walimu wenzangu, tusimchape mtoto kwa kumtaja mbuzi kwa lugha ya mama yake.

Kitabu kina picha ya wavuvi wa dagaa na taa zao, na juu mwezi umejaa. Watoto wamesema mchoraji kakosea. Niliwanyamazisha, tuendelee na hadithi. Nilifanya sawa? (Ujiji)

Hapana, mwalimu, na somo hilo bado hujalipoteza. Watoto wako sahihi. Dagaa hufuata mwanga wa taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu, nuru imetanda ziwa zima na taa haiwakusanyi vizuri, ndiyo maana siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Watoto wa Ujiji wanayaona hayo nyumbani. Kesho rudi kwenye ukurasa uleule, uwaulize wanaokijua kisa hicho wawaeleze wenzao. Halafu kila mmoja auchore upya anavyoona ni sawa: giza, mitumbwi, taa. Chini aandike sentensi moja. Asiyeweza kuandika akutajie, uandike maneno yake yaleyale, naye ayasome. Zishone kurasa hizo kwa uzi ziwe kitabu cha darasa, kikae pamoja na vile vya kuchapwa. Usirekebishe michoro yao.

Mwalimu mkuu anasema tunacheza badala ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu). (Uvinza)

Mwonyeshe kwenye andalio la somo. Kuhesabu: mitumbwi mingapi, ikija 2 mingine? Kusoma: da-ga-a. Kuandika: ile sentensi chini ya picha. Halafu mkaribishe akae kipindi kizima, asikie watoto wanavyosema.

Vitabu vyenyewe tutavipata wapi, na vikichanika? (Kibondo)

Kama una simu yenye intaneti, tafuta African Storybook. Wana hadithi za picha za bure, nyingi kwa Kiswahili, na unaruhusiwa kuzichapa. Kabla ya kuchapa, soma hadithi yote kwa sauti wewe mwenyewe. Ukikutana na neno ambalo watoto wa Kibondo hawalijui, libadilishe. Leseni za hadithi nyingi zinakuruhusu. Jalada livalishe nailoni. Kikichanika kishone, kiendelee kushikwa na watoto; kabatini kisirudi.