Klasi mbili za Mteja

SWALI: Shikamoo dada. Naandika programu ya Java ya chama cha akiba na mikopo hapa Mwanza. Inaita huduma mbili za SOAP (za kubadilishana ujumbe wa XML mtandaoni), ya akaunti na ya mikopo, na zote zinatumia skima moja, yaani faili linaloeleza umbo la data, mteja.xsd. Nimezipitisha kwenye wsimport, zana inayozalisha klasi za Java kutoka kwenye maelezo ya huduma, kila moja na kifurushi chake (kundi la klasi) kwa chaguo la -p. Sasa nina klasi mbili za Mteja zinazofanana kila kitu, lakini Mteja wa akaunti nikimpeleka kwenye mikopo kompaila inakataa. Nifute moja?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usifute. Ukizalisha msimbo upya itarudi, na marekebisho yako yote yatapotea.

Java haiangalii kufanana. Inaangalia jina kamili pamoja na kifurushi. Hiyo -p ndiyo iliyowatenganisha. Na tafadhali usiandike msimbo wa kuhamisha sehemu mojamoja kutoka Mteja huyu kwenda yule. Mimi niliandika hivyo kazini zamani, nikasahau jina la kati. Risiti zilitoka siku kadhaa na majina pungufu, hadi mama mmoja akaja na kitambulisho chake mkononi kuuliza kama fedha zimeingia kwa mtu mwingine. Uso wake ninao hadi leo.

Kabla ya yote, fungua skima inayosomwa na kila huduma, ulinganishe targetNamespace, yaani jina la utambulisho wa skima, herufi kwa herufi. Zikiwa sawa, zalisha klasi za mteja.xsd peke yake kwanza, kwa xjc, zana inayozalisha klasi kutoka kwenye skima:

xjc -p chama.mteja -episode mteja.episode mteja.xsd

Faili hilo la episode ni kumbukumbu tu: aina fulani ya skima tayari ina klasi fulani. Kisha endesha wsimport kwa kila huduma, ukiacha -p zako kama zilivyo, ila uongeze -b mteja.episode ili isome kumbukumbu hiyo. Itamkuta Mteja yupo, itamtumia huyohuyo. Kama uko Java 11 au zaidi, wsimport na xjc hazimo tena ndani ya JDK, yaani seti ya zana za Java. Zilete kwa Maven, zana ya kupakua maktaba na kujenga programu.

targetNamespace zikitofautiana, hata kwa namba ya toleo tu mwishoni, hizo ni aina mbili kweli na episode haitasaidia. Hapo msimbo wa kuhamisha hauepukiki. Uweke mahali pamoja, na uuandikie jaribio linalojaza kila sehemu ya Mteja na kuhakikisha imefika upande wa pili, jina la kati likiwemo.