Tumbo la mtoto anapoachishwa ziwa: maswali na majibu

*Mwanangu ana miezi 15. Tangu nimwachishe ziwa na kumwanzishia maziwa ya ng'ombe, hukaa hata siku nne bila kupata choo, na akikipata huwa kigumu na hulia sana. Je, maziwa haya hayamfai?*

Pole sana, mama. Kabla ya kuyalaumu maziwa, pima kwanza kiasi anachokunywa kwa siku nzima, ukihesabu na ile chupa ya usiku ambayo wengi husahau kuihesabu. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja hutoshelezwa na maziwa ya ng'ombe yasiyozidi mililita 500 kwa siku. Akizidisha hapo hushiba maziwa, hukataa chakula, na kwa kuwa maziwa hayana nyuzinyuzi hata kidogo, choo hukosa kitu cha kukilainisha na kukisukuma. Isitoshe, maziwa ya ng'ombe yana protini zaidi ya gramu 3 katika kila mililita 100, ilhali ya mama yana takriban gramu 1 tu, kwa hiyo tumbo lililozoea maziwa mepesi linahitaji muda kuyazoea haya mapya.

Punguza maziwa hadi kiasi hicho, umpe baada ya chakula badala ya kabla yake, na umpe maji ya kunywa mara kwa mara, pamoja na matunda, mboga na jamii ya kunde kila siku. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku kadhaa, si kesho yake.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulichunguze kwa macho yako mwenyewe. Mtoto aliyewahi kuumia akijisaidia huogopa kurudia maumivu yale, basi haja inapomjia husimama kwa ncha za vidole, hubana miguu, huwa mwekundu usoni au hujificha nyuma ya kiti. Wazazi hudhani anajikamua, kumbe anazuia. Choo kinachozuiliwa huendelea kunyonywa maji ndani ya utumbo na kuwa kigumu zaidi, naye huumia zaidi siku inayofuata. Usimkaripie hata kidogo. Ikiwa hali hiyo imeshaanza, chakula peke yake huenda kisitoshe, hivyo mpeleke kwa daktari ampatie dawa ya kulainisha choo inayolingana na umri wake; dawa za kuharisha za watu wazima na kumwingizia vitu vya kienyeji kwenye njia ya haja kubwa ni hatari kwake.

*Binti yangu wa mwaka mmoja na miezi minne alianza kuharisha na kujaa gesi wiki ileile niliyomwachisha. Jirani ananiambia damu yake haipatani na sukari ya maziwa. Ni kweli?*

Kwa umri wake, hilo si jambo la kwanza kulifikiria. Sukari ya maziwa, yaani laktosi, imo kwa wingi zaidi katika maziwa ya mama, takriban gramu 7 kwa kila mililita 100, kuliko katika ya ng'ombe, ambayo hayafikii gramu 5. Ikiwa binti yako alikuwa akinyonya bila tatizo, basi utumbo wake ulikuwa ukiimeng'enya sukari hiyo vizuri. Watu wengi duniani hupungukiwa na uwezo huo wanapokua, lakini kwa kawaida upungufu huo hauonekani katika umri mdogo kiasi hiki.

Kinachotokea mara nyingi ni maambukizi. Mtoto anapoacha ziwa hupoteza kinga aliyokuwa akiipata katika kila mnyonyo, na wakati huohuo huingia katika ulimwengu wa chupa, chuchu za mpira na maziwa yaliyokaa nje kwa saa nyingi. Chuchu ya chupa ni ngumu kuisafisha hata kwa mama mwangalifu, na ndiyo maana kwa umri huu napendekeza kikombe cha wazi. Baada ya kuhara kukali, ngozi ya ndani ya utumbo huchubuka na mtoto anaweza kweli kushindwa na laktosi kwa muda wa wiki chache. Katika kipindi hicho maziwa ya mgando humkalia vizuri zaidi, kwa sababu sehemu ya sukari yake imeshaliwa na bakteria wanaoyagandisha.

Kwa sasa mpe maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, baada ya kila choo cha majimaji, endelea kumlisha, na ufuate ushauri wa kituo cha afya kuhusu zinki, ambayo kwa mtoto wa umri wake ni miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14. Usingoje iwapo macho yamebonyea, analegea, anatapika kila anachokunywa, hakojoi kwa saa nyingi au ana damu kwenye choo: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

*Niyachanganye maziwa na maji ili yasimsumbue tumboni?*

Hapana. Utampunguzia nishati na mafuta anayoyahitaji. Mpe maziwa yenye mafuta yake yote mpaka afikishe miaka miwili, na kama hayajasindikwa, yachemshe kwanza.

*Mwanangu akinywa maziwa ya ng'ombe hutokwa na vipele, hutapika, na mara mbili nimeona nyuzi za damu kwenye choo. Nimhamishie ya mbuzi?*

Dalili hizi zikiwa pamoja zinaelekeza kwenye mzio wa protini ya maziwa, ambao ni tatizo la kinga ya mwili, wala halihusiani na sukari niliyoieleza hapo juu. Usimpe ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe na wengi wenye mzio huu hudhurika nazo pia. Simamisha maziwa yote ya wanyama na umwone daktari, ambaye atakuongoza namna ya kuthibitisha na kuziba pengo la lishe. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, hiyo ni dharura. Upo upande wa matumaini: watoto wengi huupita mzio huu kabla ya kuanza shule.

*Mke wangu anarejea kazini na mtoto ana miezi 10. Tuanze maziwa ya ng'ombe sasa, na tumwachishe kwa muda gani?*

Baba, kurejea kazini hakulazimu kuachisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na mama anaweza kunyonyesha asubuhi na usiku, kisha akakamua maziwa ya mchana. Kama haiwezekani, madaktari wengi hupendelea maziwa ya kopo ya watoto wachanga mpaka atimize mwaka, kwa sababu ya ng'ombe yana madini ya chuma machache mno kuwa kinywaji chake kikuu.

Siku ya kuachisha ikifika, ondoeni mnyonyo mmoja tu, wa mchana, mwache tumbo lake lizoee kwa siku tatu nne mkiangalia choo chake, ndipo muondoe wa pili. Wa usiku uwe wa mwisho. Akiugua katikati ya safari hiyo, simameni hapo mlipofika, na akililia ziwa, apewe.