Uliza Tujibu: Kufukuza aurora usiku, na picha zake

SWALI: Habari ya kazi. Mimi na mzee wangu mwakani tunafikisha miaka ishirini ya ndoa na watoto wamechanga pesa ati twende Norway tuone zile taa za angani. Nimeangalia tua za usiku za pale Tromsø mpaka nikachoka, kuna ya basi kubwa, kuna ya vani ya watu wachache, kuna boti, kuna ya kukaa kambini kwa wafugaji wa reinidia, kila moja na bei yake, na hakuna hata moja inasema kwa uhakika tutaziona. Mzee naye anasema kwani anga inalipiwa, si tutoke tu nje ya hoteli tuangalie juu? Na tukae siku ngapi? – Mama Brayo, Donholm

JIBU: Mama Brayo, hongera kwanza. Na usimcheke mzee, ana haki nusu. Aurora, yaani hizo taa za angani, ikiwa kali utaiona hata ukiwa umesimama katikati ya mji wa Tromsø na taa za barabarani zinawaka, watu huiona wakitoka supamaketi. Shida ya Tromsø ni mawingu. Mji uko pwani, na bahari ya pale haigandi hata Januari kwa sababu kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu unapanda kutoka Atlantiki, sasa hayo maji ndiyo yanafanya baridi ya mji iwe ya kuvumilika, na ni hayo hayo yanaleta mawingu na theluji siku nenda siku rudi. Aurora inachezea kilomita mia moja kwenda juu, wingu liko kilomita chache tu juu ya kichwa chako, kwa hivyo likifunga limefunga, hata kule juu kuwe na harusi.

Kile mnalipia kwenye tua ni mtu wa kuwatoa chini ya hilo wingu. Anashinda mchana akiangalia ramani za mawingu, jioni anaamua tunaenda huku au kule, na ana gari lenye matairi ya misumari na anajua kuliendesha kwenye barafu usiku, kitu ambacho mzee, hata awe ameendesha Mombasa Road miaka yote hiyo, nakuomba usimruhusu ajaribu. Mara nyingi wakiona pwani imefunga wanakata kuelekea Skibotn na mpaka wa Finland, mwendo wa kama saa mbili hivi, kwa sababu nyuma ya ile milima hewa ni kavu na anga hufunguka. Ndiyo maana utaona wanaandika mbebe pasipoti, hawatanii, mnaweza kula biskuti zenu upande wa Finland.

Sasa hizo aina. Basi kubwa ni bei nafuu lakini mkishuka arobaini mahali pamoja, kila mtu na tochi ya simu yake, mtakaa mkigombana. Vani ya watu wanane mpaka kumi na tano ndiyo ningewachagulia, bei yake kwa kawaida inapita krona elfu moja kwa kichwa, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi za kwetu kwa usiku mmoja, na ndani yake huwa kuna zile ovaroli nene, buti, kitu moto cha kunywa, moto wa kuni, na kiongozi anawapiga picha na kuwatumia baadaye. Ya kambini ni nzuri kwa stori na supu lakini kambi haihami, wingu likiwakalia hapo ndiyo basi, nendeni kwa sababu ya wafugaji wenyewe. Boti ni tamu ila kama mnataka picha isahauni, kamera inabaki wazi sekunde kadhaa na boti inayumba, nyota zote zitatoka kama minyoo.

Kabla hamjalipa waandikieni muwaulize mambo haya: wako tayari kuendesha mbali kiasi gani, wanavuka mpaka ama hawavuki, wanarudi saa ngapi ikibidi, ni watu wangapi garini, na mkikosa kabisa kuna punguzo la usiku wa pili ama hakuna. Anayejibu "inategemea hali ya hewa, tumewahi kurudi saa kumi alfajiri" huyo mpe pesa. Anayesema kila usiku ni saa tano hasa mko hotelini, huyo ni dereva wa ratiba. Na anayewaahidi asilimia mia kwamba mtaona, mkimbieni, hakuna binadamu anaweza kuahidi hiyo kitu.

Siku? Msipungue usiku nne, tano ni bora. Tua ya kwanza iwe usiku wa kwanza au wa pili, si ule wa mwisho, ili wakiahirisha muwe na nafasi. Februari vani hujaa haraka kwa hivyo bukuni moja mapema, zingine amueni mkiwa kule mkishaona utabiri. Halafu kuna hii namba ya Kp ambayo watu wanaiangalia kama matokeo ya mtihani, inaenda 0 mpaka 9, inapima jinsi sumaku ya dunia inavyotikiswa. Kwa mtu wa London, Kp 2 haina maana yoyote. Kwa Tromsø mko moja kwa moja chini ya ule mkanda wa aurora unaozunguka ncha ya dunia, 2 inatosha, hata 1. Kwa hivyo fungua apu ya Yr, ile ya idara ya hali ya hewa ya Norway, uangalie mawingu, Kp mwachie kiongozi.

Msimu ni Septemba mpaka mwisho wa Machi, baada ya hapo usiku haufiki giza, na kuanzia Mei jua halizami kabisa mpaka Julai. Februari ni sawa, jua limesharudi (linapotea tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari) na mchana mtakuwa na la kufanya. Lakini mkiogopa baridi angalieni mwisho wa Septemba au Machi, karibu na zile siku ambazo usiku na mchana ni sawa, sumaku ya dunia huwa inachangamka zaidi nyakati hizo, na Septemba hata theluji hakuna. Mimi hapo ndipo ningeenda.

Viza ni Schengen, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Kwa vile watoto ndio wanalipa, barua yao na stetimenti zao za benki ziambatane na zenu, si kuweka pesa zote kwa akaunti yako wiki moja kabla, ubalozi unaona hizo vitu kila siku.

SWALI: Mimi napiga picha za ruracio na harusi, Agosti naenda Rovaniemi, Finland, kusoma unesi. Nina kamera ya mkono wa pili na lenzi yake ya kawaida ya 18-55, nilinunua Luthuli. Nataka kujiunga na tua ya usiku ya kikundi hiyo winta ya kwanza. Je, hii lenzi itaweza ama nianze kutafuta nyingine? Na kuna jamaa ananiambia zile picha ni uongo, ati kwa macho huoni kijani. – Fundi wa Picha, Pipeline

JIBU: Lenzi itaweza. Si bora lakini itaweza, usiuze tripodi ununue lenzi, fanya kinyume, maana bila tripodi imara hata lenzi ya laki tatu ni bure. Weka 18, fungua mpaka mwisho, itakuwa f/3.5, ISO 3200, sekunde nane. Hapo umeanza. Aurora ikiwa imetulia tu kama utepe unaweza kwenda sekunde kumi na tano, ikianza kucheza punguza mpaka tatu au nne na upandishe ISO, la sivyo yale mapazia yote yanageuka uji wa kijani. Faili ziwe RAW, rangi ya mwanga (white balance) uiweke mwenyewe karibu na Kelvin 3500 au 4000, usiachie kamera iamue.

Fokasi ndiyo huua watu. Kamera haiwezi kujifokasi gizani, itahangaika mbele nyuma mbele nyuma na aurora inaisha. Weka kwa mkono, washa skrini, tafuta nyota moja kali, ikuze kwenye skrini, zungusha pete polepole mpaka ile nyota iwe nukta ndogo kabisa, halafu bandika kipande cha selotepu kwenye pete isiguswe tena. Zima kile kitaa chekundu cha kusaidia fokasi, zima fleshi, zima kile kizuia mtikisiko kama kipo kwenye lenzi. Taimu ya sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Haya yote ujue kuyafanya bila kuangalia, kwa sababu Rovaniemi Januari inaweza kufika thelathini chini ya sifuri na ukivua glavu dakika tatu vidole vinaacha kukusikiliza. Kwa hivyo kabla uende chukua usiku mmoja usio na mwezi ushuke Magadi na marafiki, kule kuna giza la haki, pigeni Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokata anga, mpaka mikono izoee, setingi ni karibu zile zile.

Betri ziwe mbili au tatu na za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na kifua. Ikionyesha imekufa usiitupe, ipashe joto mwilini, mara nyingi inaamka. Na ukimaliza, kabla ya kupanda kwenye vani yenye hita, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uufunge vizuri, uiache humo mpaka ifikie joto la ndani. Ukiingia nayo wazi, ndani ya sekunde chache lenzi inakuwa nyeupe pee kama kioo cha bafu, na unyevu unapenya mpaka ndani, na mkiambiwa "shukeni, imerudi!" wewe uko hapo unafuta na fulana.

Kwenye kikundi kuna adabu zake. Tochi iwe nyekundu au usiwashe kabisa, usipite mbele ya kamera za wenzako, na skrini yako punguza mwanga. Ukitaka wewe mwenyewe uwe kwenye picha, simama kama askari wa gwaride hizo sekunde zote, kiongozi atakumulika kidogo tu kisha azime.

Huyo jamaa wako naye hajadanganya sana. Gizani jicho linatumia zile seli ambazo hazijui rangi, kwa hivyo aurora hafifu utaiona kama wingu jembamba la kijivu, wengi huikosa kabisa wakidhani ni wingu, mpaka mtu apige picha moja ya majaribio na skrini itoke kijani. Ikiwa kali, kijani unakiona kwa macho yako haya haya, na ikichachamaa zaidi kuna ukingo wa waridi au zambarau chini yake. Kijani kinatoka kwenye oksijeni ya kilomita mia na kitu juu, nyekundu ni oksijeni pia lakini ya juu zaidi, kupita kilomita mia mbili, na ile zambarau ni naitrojeni. Kamera inakusanya mwanga sekunde nane, jicho haliwezi, basi. Ukiona picha ina kila rangi ya leso hapo ndiyo uanze kuuliza maswali.

SWALI: Nilitumiwa kwa WhatsApp picha ya anga ya kijani juu ya Ngong Hills. Ni kweli? Kwani tukipanda Mlima Kenya hatuwezi kuiona tuokoe nauli? – Msomaji wa Rongai

JIBU: Si kweli, na mlima hausaidii. Chembe zinazotoka kwenye jua zinavutwa na sumaku ya dunia zikaangukie karibu na ncha, kaskazini na kusini, na sisi tuko jirani kabisa na ikweta ya hiyo sumaku. Hata dhoruba ya sumaku ya Mei 10, 2024, ambayo ilikuwa ya kiwango cha juu kabisa, G5, ikaonekana mpaka Florida na Mexico, hapa Nairobi tulilala tu. Ile kubwa ya 1859 ilishuka mpaka visiwa vya Karibi. Futa hiyo picha, aliyekutumia mwambie pole.

SWALI: Naenda na binti yangu Tromsø Machi. Nguo nizitoe wapi bila kufilisika, na (samahani kuuliza) huko gizani choo kiko wapi? – Mama Shiru, Kayole

JIBU: Usiombe samahani, hilo ndilo swali la maana kuliko yote leo na watu wanaona haya.

Nguo, Gikomba. Nenda asubuhi mapema bale zikifunguliwa, tafuta jaketi za skii na vesti na suruali za ndani za sufu, mzungu huzitupa zikiwa mpya. Pamba usivae karibu na ngozi, inashika jasho halafu inakugandisha. Jinzi iache Kayole. Buti ziwe kubwa kidogo ili soksi mbili zienee bila kubana, mguu ukibanwa damu haifiki na hapo ndipo vidole vinaanza kuuma. Ovaroli na buti za nje wengi wa hao wa tua wanakupa, waulize kama wana saizi ya binti yako na kama wanakubali umri wake, tua nyingi zina umri wa chini.

Choo, kwa kawaida wanasimama kwenye kituo cha mafuta kabla hamjaingia sehemu ya giza, nenda hata kama husikii haja. Baada ya hapo ni nyuma ya mti, na ukishavaa ile ovaroli kuivua ni shughuli ya dakika kumi, kwa hivyo chokoleti ya moto kikombe kimoja kinatosha.