Lebo zinabanduka kwenye friza

SWALI: Nafungasha minofu ya sangara na dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Lebo zangu za karatasi zinalowa na kubanduka. Mchapaji anataka niagize 10,000 kwa mpigo, nami natumia kama 800 kwa mwezi. Nifanyeje?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usiagize 10,000. Bei ya mchapaji wako inatokana na fleksografia, yaani uchapaji wa mabamba laini: kila rangi ina bamba lake, na kuandaa mashine kunapoteza sehemu kubwa ya roli kabla lebo ya kwanza haijakubalika. Mashine za kidijitali hazina bamba, ndiyo maana soko linahamia huko kwa oda ndogo. Ukifikisha makumi ya maelfu ya muundo uleule, fleksografia itakuwa nafuu tena.

Tatizo lako kubwa, hata hivyo, ni malighafi. Karatasi hunyonya maji. Agiza lebo za polipropilini (aina ya plastiki) zenye gundi ya friza, na uulize joto la chini la kubandikia. Hilo si sawa na joto la kuhifadhia. Futa mfuko ukauke kabisa, bandika kabla ya kugandisha, kandamiza kuanzia katikati kwenda kingoni, kisha uipe gundi muda ishike. Ukibandika juu ya umande, gundi inashika maji, haishiki plastiki.

Tarehe na uzito acha wazi, uchape mwenyewe kwa printa ya joto yenye utepe wa wino. Maandishi ya ile isiyo na utepe hufifia juani, na dagaa huuzwa juani. Bakodi iwe nyeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu skana haiioni.